Kutolewa Tezi Dume kwa Matundu Madogo: Hatua kwa Hatua, Kabla na Baada

Mpira wa mkojo nitakaa nao siku ngapi? Anayekata ni roboti au daktari? Nitaweza kubana mkojo tena? Na mambo ya chumbani je? Karibu kila mwanaume aliyeambiwa kwamba tezi dume yake yenye saratani itatolewa kwa matundu madogo huuliza haya manne. La nne huja mwishoni kabisa, mgonjwa ameshaaga, mkono uko kwenye kitasa cha mlango. Mwongozo huu ni wake, na ni wa mwenzi wake pia, ambaye mara nyingi ndiye anayetoka na maelekezo kichwani wakati mgonjwa bado ameduwaa.

Ukikuta hapa jambo linalopingana na ulichoambiwa na daktari wako, fuata la daktari. Yeye amekupima.

KINACHOFANYIKA, KWA UFUPI

Tezi dume imekaa chini ya kibofu, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Haiwezekani kuitoa yote bila kuukata mrija huo. Daktari huitoa nzima pamoja na vifuko viwili vya shahawa vilivyo nyuma yake, wakati mwingine na mitoki ya nyonga, kisha hushona shingo ya kibofu na mrija uliobaki. Mshono huo ndio unaotawala wiki zako mbili za kwanza. Mpira unawekwa kwa ajili yake, na masharti mengi utakayopewa, hata yale yanayoonekana ya ajabu, yanatokana nao.

Kwa matundu madogo, tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksidi ili kupata nafasi, kisha kamera na vyombo hupitishwa kwenye matundu matano au sita yenye upana wa milimita 5 hadi 12. Tundu moja hupanuliwa mwishoni ili tezi itoke ikiwa ndani ya kifuko. Katika laparoskopia ya kawaida daktari hushika vyombo kwa mikono yake. Kwenye upasuaji wa roboti huketi pembeni, akitazama picha iliyokuzwa yenye kina, na mikono ya mashine hufuata vidole vyake. Roboti haikati chochote kwa uamuzi wake.

Njia ya laparoskopia ilishika kasi kutokea Paris mwaka 1998, na ya roboti ilianza Ujerumani mwaka 2000. Faida zake za mwanzo ni za kweli: damu kidogo inapotea, maumivu ni machache, unarudi nyumbani mapema. Lakini watafiti wa Brisbane, Australia, waliwagawa wanaume kwa bahati nasibu kati ya roboti na upasuaji wa kufungua tumbo, wakachapisha matokeo mwaka 2016 na 2018. Katika kubana mkojo na nguvu za kiume, makundi hayo mawili yalikuwa karibu sawa. Kwa hiyo ukimpata daktari mzoefu asiye na roboti, hujapoteza kitu kikubwa. Ukipata roboti iliyokaliwa na mtu anayejifunza bila msimamizi, hapo una sababu ya kuuliza maswali.

VYA KUWA NAVYO KABLA YA KUANZA

Makaratasi kwanza. Majibu yako yote ya PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, yakiwa na tarehe. Ripoti ya maabara ya vinyama vilivyochukuliwa kwenye tezi, yenye alama ya Gleason, inayoonyesha ukali wa saratani. Picha zenyewe za MRI, siyo ripoti peke yake, kwa sababu daktari mpasuaji anataka kuona kwa macho yake uvimbe uko upande gani na umekaribia ganda kiasi gani. Orodha ya dawa zote unazotumia na vipimo vyake, pamoja na dawa za mitishamba na virutubisho ambavyo watu wengi hawavihesabu kuwa dawa. Orodha ya upasuaji uliowahi kufanyiwa, hasa ngiri iliyowekewa wavu au tezi dume iliyowahi kukwanguliwa kupitia njia ya mkojo. Haya hubadilisha ugumu wa kazi.

Nyumbani andaa suruali pana zenye mpira kiunoni, sabuni isiyo na manukato, dawa ya kulainisha choo utakayoandikiwa, beseni safi la kuwekea mfuko wa usiku, na pakiti ya pedi za wanaume. Usinunue pedi za miezi sita. Hujui bado utahitaji za ukubwa gani. Tafuta pia mtu wa kukaa nawe siku za mwanzo, na uandike namba ya simu inayopokelewa hospitalini usiku.

HATUA

1. Hakikisha upasuaji ndio unaokufaa

Si kila saratani ya tezi dume inahitaji kisu. Yenye Gleason 6 mara nyingi hufuatiliwa tu kwa PSA, MRI na kuchukuliwa vinyama tena baada ya muda. Utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao ProtecT uliwagawa wanaume 1,643 wenye saratani ambayo haijatoka nje ya tezi katika makundi matatu: kufuatiliwa, kupasuliwa, na kupigwa mionzi. Baada ya miaka 15, waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa kama 3 kati ya kila 100, na makundi yote yalikaribiana. Wengi wao walikuwa na ugonjwa wa hatari ndogo au ya kati. Mwenye Gleason 8 au zaidi asijifariji kwa takwimu hizo, ila mwenye Gleason 6 asikubali kuharakishwa.

Omba kuonana na daktari wa mionzi kabla ya kusaini chochote. Daktari mpasuaji hukwambia habari za upasuaji. Ndiyo kazi yake.

2. Mhoji daktari wako, na uandike majibu

Umeshafanya upasuaji wa aina hii mara ngapi, na kwa mwaka unafanya mingapi? Kati ya wagonjwa wako mwenyewe, wangapi wanaishi bila pedi baada ya mwaka mmoja? Utaweza kuokoa mishipa ya fahamu inayosimamisha uume ya pande zote mbili, upande mmoja, au hakuna? Mitoki itatolewa? Ikishindikana kwa matundu madogo utafungua tumbo, na hilo hutokea mara ngapi? Nani atashika vyombo, wewe au mwanafunzi wako?

Swali la idadi si la utovu wa adabu. Utafiti wa Marekani juu ya upasuaji wa kufungua ulionyesha kwamba matokeo ya kudhibiti saratani yaliendelea kuboreka hadi daktari alipofikisha karibu wagonjwa 250. Daktari mzuri atakujibu bila kununa. Anayekujibu kwa takwimu za kitabu badala ya zake, mwulize tena.

3. Anza mazoezi ya nyonga leo

Usisubiri mpira utolewe ndipo uanze kuutafuta msuli usioujua. Tezi dume ikiondoka, kizuizi kimoja cha mkojo kinaondoka nayo, na msuli wa chini ya nyonga unabaki kufanya kazi iliyokuwa ya wawili. Wiki nne au zaidi za mazoezi kabla ya upasuaji ni akiba yako.

Lala chali, magoti yamekunjwa. Fanya kana kwamba unazuia ushuzi usikutoke mbele za watu, na papo hapo vuta uume kuelekea ndani. Ukijitazama kwenye kioo utaona shina la uume likirudi kidogo na korodani zikipanda. Hapo umeupata. Bana, hesabu hadi 5, achia kabisa, pumzika kwa hesabu ileile. Rudia mara 10. Kisha bana na kuachia haraka haraka mara 10. Fanya hivyo mara 3 kwa siku, na kadiri unavyozoea panda hadi hesabu ya 10. Wiki ya pili fanya umeketi, kisha umesimama, maana mkojo hautavuja umelala bali ukiwa umesimama.

Makosa matatu hujirudia kila siku. La kwanza ni kubana matako na mapaja badala ya msuli wenyewe: weka mkono juu ya tako, likikaza unakosea. La pili ni kuzuia pumzi na kusukuma chini kama mtu aliye chooni, jambo linalofanya kinyume cha kinachotakiwa. La tatu ni kukata mkojo katikati kila unapokwenda haja ndogo. Hicho ni kipimo cha kuutambua msuli, ukifanye mara moja tu, kwa sababu ukikifanya mazoea kibofu hakimalizi kumwaga.

Ongeza zoezi dogo moja: bana kabla ya kukohoa, kabla ya kupiga chafya, kabla ya kuinuka kwenye kiti. Likishakuwa mazoea litakuokoa kuliko pedi yoyote.

4. Wiki za mwisho

Baada ya kuchukuliwa vinyama, madaktari wengi husubiri wiki 6 hadi 8 ili uvimbe wa ndani upoe. Usihesabu kuchelewa huko kama uzembe.

Acha sigara angalau wiki 4 kabla. Dawa za kuzuia damu kuganda, kama aspirini, klopidogreli na warfarini, zina ratiba yake ya kusimamishwa. Usiziache kwa uamuzi wako, hasa kama moyo wako umewekewa bomba la kuzibua mshipa. Baadhi ya dawa za kisukari, kama empagliflozini na dapagliflozini, husimamishwa siku kadhaa kabla, kwa hiyo zitaje kwa majina. Mwenye presha ya macho amwambie mtaalamu wa usingizi mapema, kwa sababu utalazwa kichwa kikiwa chini na miguu juu kwa saa kadhaa.

Kama bado unataka mtoto, hifadhi mbegu sasa. Baada ya upasuaji hutatoa shahawa tena, hata kama nguvu zitarudi zote. Hili husahaulika kwa sababu wagonjwa wengi ni watu wazima wenye watoto wakubwa, na hakuna anayefikiri kuuliza.

5. Siku yenyewe

Kwa kawaida chakula kinakatazwa saa 6 kabla ya usingizi na maji matupu saa 2 kabla, ila shika muda uliopewa na hospitali yako. Usijinyoe nywele za tumbo au za siri nyumbani: wembe huacha mikwaruzo inayoingiza vijidudu. Kazi huchukua saa 2 hadi 4 kwa kawaida, na anayesubiri nje aambiwe hivyo ili asihesabu dakika.

Utaamka na mpira kwenye uume, pengine na bomba jembamba la kutoa majimaji tumboni, uso umevimba kidogo kwa sababu ya ule ulalo, na bega linauma. Bega ni gesi iliyobaki inayosumbua kiwambo cha kupumulia. Huisha ndani ya siku chache na kutembea husaidia. Utahisi pia haja ndogo kali ingawa kibofu ni kitupu. Puto dogo lililoshikilia mpira ndilo linalokidanganya kibofu. Usijikamue.

6. Kabla ya kuruhusiwa kutoka wodini

Inuka na utembee siku ileile au kesho yake, kwa sababu damu kuganda miguuni ni hatari kubwa kuliko maumivu ya kuinuka. Wengi huruhusiwa baada ya usiku mmoja au miwili. Huenda ukapewa sindano za kuzuia damu kuganda za kujichoma tumboni, mara nyingi kwa siku 28. Zimalize zote hata kama unajisikia mzima.

Usiondoke wodini bila wewe mwenyewe kumwaga mfuko, kuunganisha wa usiku na kuutenganisha, muuguzi akikutazama. Kuonyeshwa peke yake hakutoshi. Saa tisa ya usiku, taa hafifu, vali ikigoma kufunga, mikono ndiyo inayokumbuka.

7. Kuishi na mpira

Hapa ndipo simu nyingi hupigwa, kwa hiyo tukae kidogo.

Mpira hukaa siku 7 hadi 14. Mchana utavaa mfuko mdogo wa mguuni, usiku utaunganisha ule mkubwa chini yake. Usiuchomoe mfuko wa mguuni ili kuweka wa usiku. Unganisha wa usiku kwenye bomba la chini la ule wa mguuni na ufungue vali. Kila kiungo kinachofunguliwa ni mlango wa vijidudu. Mfuko wa mguuni hubadilishwa takriban kila wiki.

Mfuko ubaki chini ya kiwango cha kibofu wakati wote, usilale sakafuni, na umwage ukijaa theluthi mbili. Ukijaa kabisa uzito wake unavuta mpira, na mpira unavuta mshono. Ukishafunga kishikizo cha pajani, simama, nyoosha goti, kisha likunje. Kama mpira unakazika katika hali yoyote kati ya hizo, sogeza kishikizo juu uache ulegevu kidogo. Jaribio hilo la nusu dakika huzuia sehemu kubwa ya maumivu ya ncha ya uume.

Osha mikono, kisha osha pale mpira unapoingilia kwa maji na sabuni mara mbili kwa siku, ukifuta kutoka mwilini kwenda nje. Asiyetahiriwa avute govi nyuma, aoshe, kisha alirudishe mbele. Likiachwa nyuma huvimba na kukaba kichwa cha uume, na hiyo ni safari ya dharura isiyo na sababu. Bafu la kumwagia maji ni ruhusa. Kulowa kwenye beseni au bwawa, bado.

Kunywa maji hadi mkojo uwe na rangi hafifu. Lita 2 kwa siku huwatosha wengi, isipokuwa wenye moyo au figo dhaifu ambao wana kipimo chao. Mkojo kuwa na wekundu kidogo baada ya kutembea au kujisaidia haja kubwa ni kawaida.

Sasa choo. Kujikamua kunasukuma nyonga nzima, na siku tatu bila choo baada ya dawa kali za maumivu si jambo geni. Tumia dawa ya kulainisha tangu siku ya kwanza, usingoje tatizo. Ila usiwekewe enema, dawa ya kuingiza nyuma wala kipimajoto cha njia ya haja kubwa mpaka daktari aruhusu. Ukuta wa utumbo umeachana na tezi dume juzi tu, na kwa sasa ni mwembamba na dhaifu. Mwambie na anayekuuguza, maana huyo ndiye atakayeleta enema kwa nia njema.

Mazoezi ya kubana yasimamishe mpira ukiwa ndani. Usinyanyue kitu kinachozidi kilo 5 kwa wiki 6, na baiskeli isubiri hadi uruhusiwe. Kutembea tembea, tena sana.

8. Siku ya kutolewa mpira

Nenda na pedi mbili, nguo ya ndani inayobana, na suruali ya akiba ya rangi nyeusi. Muuguzi hunyonya maji ya puto kwa bomba la sindano, kisha mpira huvutwa. Ni kero ya sekunde chache. Hospitali nyingine hupiga kwanza picha yenye dawa ili kuona kama mshono umefunga. Kaa hapo hadi ukojoe na wahakikishe kibofu kinamwaga. Usiwe na haraka ya kurudi nyumbani.

9. Kuvuja, na kurudi kwa ubanaji

Siku ya kwanza utavuja. Huenda ukavuja sana, na hilo halionyeshi mwisho wake utakuwaje. Ubanaji hurudi kwa mpangilio: kwanza unakauka ukiwa umelala, kisha ukiwa umeketi, mwisho ukiwa umesimama na kutembea. Jioni utavuja kuliko asubuhi kwa sababu msuli umechoka, kama mguu wowote uliotembea kutwa. Wengi hupata nafuu kubwa kati ya miezi 3 na 6, na wengine huendelea kuimarika hadi mwaka.

Rudia mazoezi ya hatua ya 3. Usipunguze maji ili usivuje: mkojo mzito hukichokoza kibofu na kukufanya uvuje zaidi. Kinachopaswa kupungua ni kahawa, chai kali na pombe. Usiende chooni kila nusu saa kwa tahadhari, kibofu kitasahau kubeba. Andika kwenye daftari idadi ya pedi za kila siku, na ukiweza pima uzito wa pedi iliyolowa utoe wa iliyo kavu. Pedi tatu za mwezi wa kwanza na tatu za mwezi wa pili zinaonekana sawa, kumbe gramu zimepungua nusu.

10. Chumbani

Mishipa ya fahamu inayosimamisha uume imepita pembeni mwa tezi, kushoto na kulia. Njia ya kuiokoa ilianza mwaka 1982 kwa Patrick Walsh, daktari wa Johns Hopkins kule Marekani. Lakini uvimbe ukigusa upande mmoja, mishipa ya upande huo huondoka nao, na hilo ni bora kuliko kuacha saratani. Hata ikiokolewa, huzimia kwa miezi kadhaa kwa sababu imeguswa. Kupona huweza kuchukua miezi 18 hadi 24.

Kilele kinabaki, ila ni kikavu. Wengine huvuja mkojo kidogo wakati huo: kojoa kabla, au vaa kondomu. Uume huweza kufupika kidogo, na ni afadhali ulijue mapema kuliko kulikuta mwenyewe ukadhani umekosewa.

Uliza kuhusu sildenafili au tadalafili, vidonge vya kusaidia uume kusimama, mara mpira ukitoka. Zinahitaji hamu na mishipa ya fahamu inayofanya kazi. Kidonge peke yake hakifanyi kitu. Anayetumia naitreti za moyo, vidonge au za kupuliza chini ya ulimi, asiziguse kabisa, kwa sababu shinikizo la damu laweza kuporomoka kiasi cha kuua. Vidonge visipofaa kuna pampu ya ombwe na sindano za uume. Pampu haihitaji mishipa ya fahamu kabisa, na kwa maoni yangu inadharauliwa bure. Mwenzi wako aje kliniki siku hiyo. Mwanaume anayehangaika peke yake kimyakimya ndiye anayeacha mapema.

11. Ripoti ya maabara na PSA ya kwanza

Omba nakala ya ripoti ya tezi iliyotolewa. Tafuta mambo matatu: saratani ilifika wapi (T2 maana yake ilikuwa ndani ya tezi, T3 ilivuka ganda); kingo za kipande zina saratani au ni safi; na mitoki, kama ilitolewa, ina saratani au haina. Kingo zenye saratani si hukumu ya kurudi kwa ugonjwa. Ni sababu ya kufuatiliwa kwa karibu.

PSA ya kwanza hupimwa wiki ya 6 hadi ya 8, na inatakiwa iwe chini ya 0.1. Usikimbilie maabara wiki ya pili: PSA ya zamani inakuwa bado inaisha damuni, utapata namba ya kukutisha bure. Baadaye, ikifika 0.2 na kuthibitishwa kwa kipimo cha pili, ndipo mazungumzo ya mionzi huanza, na mionzi hufanya kazi vizuri zaidi namba ikiwa bado ndogo. Pima kwenye maabara ileile kila mara.

YAKITOKEA MATATIZO

Mpira hautoi mkojo. Angalia kama umejikunja au umekaliwa, kama mfuko umejaa, kama uko juu kuliko kibofu. Simama, tembea kidogo. Kama bado haupiti na tumbo la chini linajaa, ni dharura. Nenda sasa, usingoje kupambazuke.

Mkojo unapita pembeni ya mpira. Kama mfuko nao unaendelea kujaa, kibofu kinajibana tu kikijaribu kuusukuma mpira. Angalia choo chako, kisha omba dawa ya kutuliza kibofu. Dawa hiyo huachwa kabla ya mpira kutolewa.

Mpira umechomoka. Nenda hospitali iliyokupasua, au ya karibu kama iko mbali, na sentensi yako ya kwanza iwe: nina mshono mpya wa kibofu. Mtu yeyote asiingize mpira mwingine kwa kubahatisha kabla ya kuzungumza na daktari wa mfumo wa mkojo. Mpira unaosukumwa bila uangalifu huweza kuufungua mshono.

Mkojo mwekundu mzito au wenye mabonge. Wekundu ukiwa hafifu, kunywa maji. Mabonge yanaweza kuziba mpira: piga simu.

Korodani zimevimba na kuwa za zambarau. Zinatisha kuziona, ila mara nyingi ni damu na majimaji yaliyoteremka. Zinyanyue kwa taulo iliyokunjwa ukilala, vaa nguo ya kushikilia. Zikiwa za moto, zinauma na una homa, hilo ni jambo jingine, onwa siku hiyohiyo.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi, kutetemeka, au kidonda kutoa usaha. Nenda hospitali.

Shavu la mguu mmoja limevimba na linauma, kifua kinabana, pumzi inakata. Huenda ni damu iliyoganda. Dharura, hata kama unajichoma sindano kila siku.

Tumbo limejaa, unatapika, hutoi hata upepo. Huenda utumbo umelala, au mkojo unavuja ndani. Usinywe dawa ya kuharisha, nenda.

Mkojo ulikuwa na nguvu, sasa umekuwa uzi. Likitokea wiki au miezi baadaye, huenda kovu limebana pale paliposhonwa. Hupanuliwa, ila mapema ni rahisi kuliko baada ya kuziba kabisa.

Uzito nyongani au mguu mmoja kuvimba wiki kadhaa baadaye, kwa waliotolewa mitoki. Huenda ni majimaji ya limfu yaliyojikusanya. Picha ya mawimbi ya sauti huonyesha.

Mwaka umepita na pedi hazipungui. Kwanza mtaalamu wa mazoezi ya nyonga ahakikishe unabana msuli sahihi. Ikiwa unaubana na bado unalowa, kuna utepe wa kuinua mrija kwa wanaovuja kiasi, na kwa wanaovuja sana kuna kibanio bandia, kifaa kinachotumika tangu miaka ya 1970. Kina pete inayozunguka mrija na pampu ndogo ndani ya mfuko wa korodani; unaibonyeza ukitaka kukojoa, kisha pete hujifunga yenyewe ndani ya dakika chache. Omba rufaa kwa daktari anayekiweka mara kwa mara, na litaje wewe kwanza, kwa sababu kliniki ya mwaka wa pili huangalia PSA na kukupa tarehe nyingine.